Kisima Kilichokataa Kuchelewa

Kasiani alifika Madimba Juni 1974 akiwa na fomu mia mbili na nadharia moja. Nadharia ilikuwa ya msimamizi wake wa chuo kikuu: kila mradi huchelewa, kwa sababu wanaoutekeleza hawaelewani. Kilichobaki ni kupata mradi wa kuithibitisha, naye apewe shahada. Akachagua kisima cha Madimba, kilichopangwa kukamilika Agosti.

Kisima kilikuwa kinatoa maji tangu Mei.

"Mligombana mara ngapi?" alimuuliza Bi Mwanakombo, mwenyekiti wa kamati ya kisima, kwa sauti ya kubembeleza.

"Tugombane saa ngapi, mwanangu? Tulikuwa na kiu."

Fomu haikuwa na nafasi ya kiu. Kasiani akadandia lori la makopa ya muhogo mpaka posta ya Mtwara, akampelekea msimamizi telegramu. Jibu likaja siku ya pili: NADHARIA SAHIHI. KIKAGUE KISIMA UPYA.

Tangu hapo chakula kikamshinda. Bi Mwanakombo, aliyempa chumba, hakuvumilia kuona mgeni wake akilala njaa.

"Kama shida ni kuchelewa tu, tutachelewa."

Kesho yake kisima kikafunikwa mbao. Ratiba ikabandikwa kwenye mkorosho: kuchelewa wiki mbili, ugomvi kila siku saa tatu asubuhi. Saa tatu kamili fundi Salumu na mtani wake Rashidi, waliochimba pamoja, wakasimama kando ya mbao.

"We Myao, sululu unaishika kama upawa wa uji!" Salumu akaanza.

"Afadhali mimi! Mmakonde ukichimba, unatafuta panya, si maji!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kasiani akaandika: kutoelewana.

Siku ya tatu Salumu akaja anameremeta. "Ugomvi wote wa wiki mbili tumeumaliza, bwana! Tumetangulia siku kumi na moja."

Kasiani akaketi juu ya mbao, hoi. Hapo akamwona Bi Mwanakombo akirudi kutoka dimbwi la zamani, mwendo wa saa nzima, ndoo kichwani, maji yana rangi ya chai ya maziwa.

"Ya kuoga mgeni," alisema akihema.

Kasiani akainuka, akazing'oa mbao moja moja, machozi yakimtoka. Kisha akazijaza fomu zote mia mbili kwa maneno yaleyale: walikuwa na kiu.

"Na shahada yako?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Itachelewa, mama. Mimi na msimamizi hatutaelewana."

Bi Mwanakombo akapiga kigelegele.

"Si ndio huo mradi uliokuwa unautafuta, mwanangu!"