Njia ya Ndani ya Mlima

Jioni moja nyumbani kwao Pasiansi, Osward alifungua ramani ya Ulaya kwenye simu akamwita mkewe, Selina. Binti yao Annet, anayeishi Ufaransa, alikuwa ameahidi kuwapeleka Roma kwa gari.

"Barabara zao kubwa zina mageti ya kulipia," Osward alisema. "Hata hapa, kabla ya kuingia Italia, unalipa ndipo unapita ndani ya mlima."

"Juu ya mlima," Selina alimsahihisha.

"Ndani. Wameutoboa. Njia ya kilomita kumi na moja, yote chini ya mwamba."

Selina alikaa sakafuni. "Watu wanalipa ili waingie huko?"

Ndipo Osward alipomkumbuka Nkwabi, kaka yake Selina, aliyefukiwa na shimo la dhahabu kule Geita. Mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Akampigia Annet palepale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, hakuna njia ya kupita juu?"

"Ipo, lakini inazunguka sana. Tutachelewa."

"Basi tuchelewe," Osward alisema, akikaa sakafuni kando ya mkewe.