Paa la Manyoya

Binti alikuwa ametengeneza kiota kizuri chini ya ngazi, kwenye kivuli: boksi la katoni, majani makavu, na kipande cha shuka kuukuu. Bata alilikagua boksi, akalinyea, kisha akaenda kutaga nyuma ya karo la kufulia, ambako jua la mchana hupiga ukuta mpaka ukuta wenyewe unaanza kutoa joto, na mvua ikinyesha maji yote ya uani hukimbilia huko huko.

"Haya, bibi," binti alimwambia. "Umechagua mwenyewe."

Hakuna aliyemwomba amtunze, na hakuna mwingine aliyemtunza. Alichimba mfereji mdogo wa kuyapitisha maji pembeni. Alitundika gunia bichi juu ya karo, na kila lilipokauka alilirowesha tena. Beseni aliliweka mbali kidogo, ili bata akiinuka kujilowesha kifua ayarudishie mayai unyevu bila kukifurikisha kiota. Mchana, bata alipohema kwa mdomo wazi, binti naye alihisi koo lake linakauka.

Alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na kupata kazi ya kufundisha chekechea katika mji mwingine. Alitakiwa kuripoti shule zikifunguliwa. Kilichomzuia ni paa. Chumba cha mama yao kilivuja, mama alikuwa na pumu, na unyevu ukiingia ukutani kifua chake kilipiga filimbi. Binti alisema hawezi kumwacha mama katikati ya ndoo. Kaka yake, fundi wa mabati anayetafutwa mpaka mitaa ya mbali, alisema hilo ni jambo dogo.

"Nimalize tu hii kazi ya watu."

Kazi za watu hazikuisha, maana alikuwa fundi mzuri kweli.

Basi binti akaomba angalau kipande cha bati cha kumkinga bata. Fundi akakileta, akakilaza juu ya karo, akakikandamiza kwa mawe. Kesho yake asubuhi alikichukua; mteja alikuwa amepungukiwa. Alasiri hiyo ikaja dhoruba. Upepo uling'oa gunia ukalipeleka kwa jirani. Bata akatanua mabawa juu ya kiota, yakafika mwisho wa karo huku na huku. Mvua ilipokatika aliyakunja, lakini hayakurudi yote.

Baada ya dhoruba iliyofuata alikuwa na ukubwa wa mbuzi. Baada ya nyingine, ng'ombe. Binti aliondoa beseni akaweka pipa.

"Wifi, huyu bata unampa nini?" aliuliza mke wa fundi, akianika nguo.

"Pumba."

"Pumba ile ile?"

"Ile ile."

"Mm. Basi mvua inampenda. Mwambie asiniangushie kamba."

Bata aliendelea kutanuka, akaijaza nafasi yote kati ya karo na nyumba, huku bawa lake moja likipanda juu ya mabati yaliyotoboka. Mvua kubwa ilipokuja tena, ndoo za chumba cha mama zilibaki kavu. Mama alilala mchana mzima bila kukohoa, akaamka akiomba chai.

Fundi alitoka kazini akakuta habari hiyo. Yeye huwa na namna yake ya kukagua paa: hukaa chini yake kwenye kiti wakati wa mvua, akiwa amefungua gazeti, na tone moja likidondokea karatasini hupanda tena juu. Kwa mama yake hakuwahi kukaa hivyo hata mara moja. Sasa alileta kiti, akafungua gazeti, akasoma michezo mpaka mvua ikaisha.

"Limekaa sawa," alisema. "Mteremko safi kabisa. Kazi imekwisha hapa."

"Kaka, huyo ni bata."

"Si ninaona ni bata? Mimi kipofu?"

"Anaatamia. Mayai yakianguliwa ataondoka."

"Ah, wewe nawe! Tutavuka huo mto tukiufikia."

"Na nikisafiri nani atammwagia maji? Jua lote lile liko mgongoni kwake."

Fundi alikunja gazeti. "Ndiyo maana nakwambia usiwe na haraka. Huyo amekuzoea wewe. Mtu mwingine atamdonoa."

Kesho yake binti alikwenda sokoni kununua pumba na akachelewa kwa makusudi, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Jua lilipokuwa kali, joto la bata asiyemwagiwa maji lilishuka ndani, chumba cha wifi yake kikawa kama tanuri, na wifi akalazimika kuchukua ndoo na kupanda ngazi mwenyewe. Bata hakumdonoa wala kumfokea. Alifumba macho, akapokea maji. Fundi alishuhudia, na mama alishuhudia kupitia dirishani. Binti aliporudi aliambiwa kwamba wifi anaumwa mgongo.

"Ungemwona alivyopanda," mama alisema polepole. "Kama paka."

"Mama, naye," fundi alisema.

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Jumapili asubuhi mayai yalianguliwa, vifaranga wa kawaida, wadogo, wa manjano. Binti alivaa gauni la safari akafunga begi. Bata alianza kuinuka, na mwanga ukaingia chumbani kwa mama kupitia kila tundu la bati. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeshaiva.

"Kaka, leo ndiyo leo. Panda uzibe," binti aliita mlangoni kwa fundi.

Fundi hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwa baiskeli, akazunguka mji mzima, akabisha hodi kwa kila mfuga bata aliyeelekezwa. Alirudi akitokwa jasho, kofia yake ngumu ya kazini imejaa mayai yaliyofungwa kwa uangalifu katika gazeti. Alipiga magoti kwenye tope, akaingia chini ya bata mpaka kiunoni, akayapanga moja moja. Bata aliyatazama. Kisha akakaa tena, na chumba kikawa giza na kikavu.

"Umeona?" fundi alisema, akijipangusa magoti. "Ukitaka jambo unalifanya. Begi lako rudisha ndani."

"Na hawa vifaranga?"

"Hao si wadogo tu? Watakaa na wewe."

Mama, kitandani, aligeukia ukuta.

Mvua ilinyesha, ikaisha, jua likarudi na hasira zake. Basi la kwenda mji mwingine lilipiga honi barabarani, likaondoka. Bata alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Binti alivua viatu vya safari, akakunja gauni mpaka magotini, akajaza ndoo, akapanda ngazi.

"Dada!" fundi aliita kutoka ndani. "Mwaga na upande wa huku kwetu. Panachemka."