Shahidi wa Shimo la Udongo

Shimo la udongo la Matema likifungwa, Wakisi wamekwisha. Hilo halihitaji msomi. Wakisi hawana mabonde ya mpunga kama watu wa Mwaya, wala kakao kama wa Ndandalo. Milima imewasukuma mpaka majini, wakabaki na samaki na udongo. Mama anafinyanga chungu, chungu kinauzwa mnadani, mtoto anakula. Sasa miaka ile kila ufuko ulikuwa ukitafutiwa mwekezaji, na shimo likapata wake. Hoteli inakuja, waya umeshazungushwa. Kina mama walibisha hodi kila ofisi, kuanzia Kyela hadi Mbeya, wakaambiwa njooni kesho. Hiyo kesho mpaka leo haijafika.

Ndipo wakaja wajumbe wa haki za watu wa asili, waliotumwa na tume ya nchi za Afrika. Kiongozi wao, mama mmoja mpole kutoka Afrika Magharibi, alisema kupitia mkalimani kwamba tume yake inaweza kuitaka serikali isimamishe ujenzi. Lakini kampuni ilidai wanawake waliulizwa, wakaridhia. Basi nani alikuwepo, akasikia kwa masikio yake kwamba hawakuulizwa?

Aliyekuwepo ni mmoja tu, Keziya, na namna alivyosikia ndiyo balaa lenyewe.

Keziya ni Mkisi aliyeolewa na Noa, Mnyakyusa wa bondeni. Na kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawaonani kweli, si mzaha. Akisikia tu kikohozi cha mzee njiani, mwanamke anaingia kichakani, anajifunika kanga mpaka mzee apite. Akikaidi anarudishwa kwao, na watoto wanabaki kwa baba yao. Siku kampuni ilipokuja kukagua ardhi, Keziya alikuwa shimoni anachimba, akasikia kikohozi cha mzee Zebedayo, baba yake Noa, mtu wa kamati ya ardhi ya kijiji. Akajikunyata chini, kanga usoni. Juu yake mzee akamwambia Ambrose, wakala wa kampuni, "Hapa hapana mwenyewe. Hawa wanawake wa Kikisi ni wapita njia. Usijisumbue kuwauliza, andika wamekubali."

Mkamwana wake alikuwa chini ya miguu yake, matope mpaka viwikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini wewe kaa kimya ukisikilize kinavyotafuna.

Siku ya wajumbe watu walijaa kanisani. Ambrose alipopata habari kwamba Keziya ndiye shahidi, hakuhangaika kutafuta wakili. Alizaliwa hukohuko, mila aliijua. Alimchukua mzee Zebedayo kwa gari na kumkalisha kiti cha mbele kabisa. Keziya alifika mlangoni, akaona upara wa mzee, akakimbilia nyuma ya ukuta.

Hosiana, mfinyanzi mwenzake, akaomba mzee atoke kidogo. Ambrose akatabasamu.

"Kikao ni cha wazi," alisema. "Au haki za binadamu ni za wanawake peke yao?"

Mkalimani akatafsiri. Yule mama mgeni atajuaje mambo ya wakwe wa Kyela? Aliona ni haki mzee abaki, tena akamwomba radhi kwa usumbufu. Akaongeza kwamba mvua inakuja, na barabara ikikatika hawatatoka, kwa hiyo shahidi aingie.

Nyuma ya ukuta Keziya alikuwa analia.

"Hosiana, nikiingia nawapoteza wanangu."

"Najua, mama Tusekile."

"Na nisipoingia?"

Hosiana akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

Lisilo budi hutendwa. Keziya alijifunika kanga gubigubi, akaingia, akasimama hatua chache tu kutoka kwa baba mkwe wake. Alisema yote: shimo, kikohozi, maneno ya mzee kwa wakala. Mjumbe aliandika bila kuinua kichwa, na kina mama wakaanza kupata tumaini.

Ambrose akanyoosha mkono. "Mzee, huyu mama unamfahamu? Isije ikawa ameletwa tu."

Zebedayo hakugeuka. "Simfahamu. Mke wa Noa ninaye, ila sijapata kumwona uso, na yeye hawezi kuingia nilipokaa. Ana adabu zake. Huyu wamemwokota mnadani."

Kila mtu alijua mzee anasema uongo, na hakuna aliyeweza kumnasa, maana uso wa Keziya kweli hakuwahi kuuona. Mjumbe akaweka kalamu chini. Shahidi asiyejulikana alikotoka hafai, alisema kwa masikitiko. Yupo mtu wa nyumba hiyo wa kumthibitisha, asiye mfinyanzi mwenzake? Hosiana akajibu kwamba mume wake yule pale mlangoni.

"Baba, huyu ni mkeo?" mkalimani akamuuliza Noa.

Noa alimtazama baba yake. Alitazama sakafu. Kisha akatoka nje.

Keziya akaishusha kanga mabegani, uso wazi, akamgeukia mzee, naye mzee akafumba macho.

"Andika hivyo hivyo, mama," akamwambia mjumbe. "Mume sina, baba mkwe sina, na wanangu sitawaona tena. Lakini shimoni nilikuwamo."