Waliokuja na Nyavu Zao

Samaki wa Mama Perege walianza kuelea Jumatatu, matumbo juu, ubavuni vidonda vyekundu kama wamechomwa sigara. Habari ikafika kwa watu kabla chai haijapoa. Ua ukajaa majirani wenye mabwawa, fundi pampu, na wifi wa Mama Perege, dada wa mumewe, ambaye bwawa lake liko mwisho wa mtaro, maji yanapomwagikia mtoni. Pale kwao mtu akipatwa na jambo, huji mikono mitupu. Kila mmoja alikuja na wavu wake na ndoo yake, wakaingia majini kuopoa mizoga, soga zikinoga. Fundi pampu akasema hawa hawajafa, wamegoma, wanadai waongezewe pumba. Watu wakacheka. Mama Perege naye akacheka, akashangaa sauti imetoka wapi.

Alhamisi, watu wakiwa wamejaa tena uani, bwana samaki, afisa uvuvi wa pale, alileta majibu ya maabara. Ugonjwa ni mgeni, akaeleza, umeingia na vifaranga vya samaki vilivyonunuliwa nje, na unasafiri kwa nyavu, ndoo na mabuti yaliyolowa. Bwawa lolote lililoguswa na vyombo hivyo, samaki wauawe, chokaa imwagwe. Akauliza ni kina nani walioingia majini.

Kila mtu akaangalia miguu yake. Wifi alisimama karibu na karo la kuoshea vyombo, na mabuti yale yale ya Jumatatu. Samaki wake walikuwa bado wazima, karibu kuvunwa. Tangu aachike aliwaita mume wake wa pili, tena hawa, husema, hawalewi. Alimtazama Mama Perege, akatikisa kichwa kidogo tu.

Mama Perege akaufikiria ule mto, na mabwawa yote yanayoutegemea huko chini. Akajipapasa moyoni, atafute huruma au hata hofu. Hakukuta kitu.

"Wote," akasema. "Na wifi pia. Alirudi kwake na wavu ule ule."

"Mimi nilikuja kukusaidia, wifi."

"Najua."

Wakaongozana hadi bwawa la wifi, mwisho wa mtaro. Bwana samaki akaanza kufungua magunia ya chokaa. Wifi hakulia wala hakutukana. Alichota pumba kwenye debe, akarusha, maji yakachemka kwa midomo.

"Waache wale kwanza," akasema.

Bwana samaki akangoja. Mama Perege akaingiza mkono ndani ya debe lile, akarusha naye.