Kiti cha Kamba ya Katani

Gari lenyewe lilikuwa dogo kama beseni la kufulia. Bwana meneja wa shamba la mkonge aliliacha bandani alipoondoka, mwaka ule mashamba yalipoingia mikononi mwa umma, na kwa muda mrefu kuku wa mlinzi walitaga ndani yake. Lilikuwa gari la spoti, la kijani, lenye viti viwili tu, na paa lake lilikuwa turubai lililochanika katikati. Meneja alikuwa mtu mfupi. Ndiyo maana siku Mdoe alipoingia kulijaribu, watu wa karakana walishika mbavu.

"Magoti yamefika masikioni," alisema mmoja.

"Mwacheni, anaatamia mayai," alisema mwingine.

Mama yake Mdoe, Mwanaidi, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula cha mwanawe, limefungwa kwa kitambaa. Yeye hakucheka. Aliona magoti yamebana usukani pande zote mbili. Aliona Mdoe akitaka kukanyaga breki ilimlazimu kwanza auchomoe mguu kando, kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Huyo ndiye mtoto aliyebaki kwake, na urefu ule aliujua tangu Mdoe akiwa mdogo, miguu ikitokeza nje ya kitanda.

Gari lingine halikuwapo. Surua ilikuwa imeingia kijiji kipya upande wa Handeni, kwa watu waliohamia juzijuzi, hata nyumba hazijaezekwa zote. Landrover ya zahanati ya Korogwe ilikuwa imevunjika ekseli. Njia ya kwenda kijijini ilivuka daraja la magogo, na malori yalikuwa yamekatazwa kupita hapo. Madereva wazoefu walikuwa kwenye malori wakihamisha watu. Amebaki Mdoe, aliyepata leseni mwaka uleule, na kimebaki kigari cha meneja.

Fundi Isaka, Msambaa wa Bumbuli, alitoka chini ya gari akipangusa mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ataweza kukaa humo?"

"Tutamtafutia nafasi. Kiti cha zamani nimeking'oa na springi zake. Ubao wa nyuma nimeukata. Kurudi nyuma kumekwisha, sasa kumebaki kushuka. Lakini nikiweka godoro lolote, hata jembamba, magoti yanarudi palepale. Na akikaa kwenye chuma kitupu, hafiki hata kijiji cha Sindeni hapo njiani, mgongo umekwisha."

Mwanaidi alitazama fremu ya chuma ambayo Isaka alikuwa ameiunga. Ilikuwa na pande nne, na katikati wazi.

"Hiki si kitanda?" aliuliza.

"Kitanda, mama?"

"Kitanda kidogo. Niletee kamba."

Marehemu mumewe, Kibwana, alikuwa fundi wa kuwamba vitanda, na miaka yake ya mwisho, vidole vilipokuwa vimekakamaa, Mwanaidi ndiye aliyewamba na yeye akielekeza. Isaka alimletea kamba ya katani, mpya, nyeupe, bado ina harufu ya shambani. Akaketi kwenye debe lililopinduliwa, akapitisha kamba huku na huku, akaifunga mafundo kwa chini yasije yakamchoma mwanawe. Kitanda huwambwa kikakaza. Hiki alikilegeza makusudi, kibonyee kama wavu, ili Mdoe azame.

Mdoe alipokaa, alizama. Usukani ulizunguka pasipo kugusa goti. Mmoja wa wale waliokuwa wakicheka akaenda kumchotea Mwanaidi maji ya kunywa bila kuombwa.

Usiku ule Mwanaidi alilala vizuri. Baadaye ndicho kilichomuumiza kuliko yote, kwamba alilala vizuri.

Asubuhi Mdoe aliondoka na muuguzi Raheli, binti mpole aliyepakata sanduku la dawa mapajani kama mtoto. Mwanaidi alirudi nyumbani akafua, akaanika. Hazikupita saa nyingi, mawingu yakateremka kutoka milima ya Usambara, na mvua ikaanza, nzito, bila upepo. Akakimbia nje kuanua nguo.

Kamba ya kuanikia alikuwa ameifunga ikiwa imelegea, khanga zikigusa majani. Sasa ilikuwa imepanda. Khanga zilining'inia juu, zinachuruzika maji, na alipoigusa kamba ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze.

Alisimama pale, mkono kwenye kamba, mvua inampiga usoni. Ilikuwa kamba ya katani. Kila mwaka aliiona ikijikaza hivyo, na hata siku moja hakupata kufikiri habari zake, kwa sababu kitanda hukaa ndani ya nyumba. Nani amewahi kulala mvuani juu ya kitanda? Lakini kitanda hiki alichokiwamba kilikuwa barabarani, na turubai juu yake lilikuwa limechanika.

Nguo aliziacha palepale.

Isaka alikuwa anakula mkate karakanani. Mwanaidi alifika akihema, miguu imejaa tope.

"Isaka, mwanangu. Kamba ikilowa inavuta."

"Inavuta kiasi gani, mama?"

"Kiasi kile nilichoilegeza."

Isaka aliurudisha mkate kwenye karatasi. Hakuuliza kwa nini hakusema mapema. Alisema tu, "Na turubai niliahidi kulishona mimi, nikasema nitalishona wiki ijayo. Twende."

Barabarani walilipata lori la dereva aitwaye Sadala, limepakia mabati na vitanda vya watu wanaohamia Handeni. Sadala alisikiliza nusu ya habari, akamwambia abiria aliyekuwa mbele, "Ndugu, panda juu, mama huyu akae." Yule bwana alishuka mvuani, akavua gunia alilojifunika na kumwekea Mwanaidi mabegani. Jina lake Mwanaidi hakulijua, wala hakumwona tena.

Lori lilitambaa. Isaka alisimama kwenye kidato cha mlango, amejishikiza dirishani, akitazama chini. Kwenye tope zilionekana alama za matairi membamba. Mwanzoni zilikuwa zimenyooka kama zimechorwa kwa rula. Mwanaidi alizishikilia kwa macho. Kila kona aliomba zisipotee, na kila kona zilikuwapo.

Walipopita Sindeni, alama zikaanza kuyumba. Zilikwenda kulia, zikarudi, zikaenda tena.

"Anakwepa mashimo," alisema Sadala.

Mashimo hayakuwapo pale. Mwanaidi aliona, na aliona kwamba Sadala naye ameona.

"Mama, usitazame chini. Tazama mbele kwenye miti."

Alitazama miti. Kila alipotazama aliona magoti ya mwanawe. Aliyaona yakipanda polepole, unene wa kidole, unene wa vidole viwili, mpaka chini ya usukani. Alijiambia huenda turubai limezuia maji. Alijiambia Mdoe ana akili, atasimama. Kisha alikumbuka mafundo aliyoyafunga, namna alivyolivuta kila moja kwa uzito wake wote lisije likafunguka.

Penye kona moja ya mteremko Isaka alipiga bati la mlango kwa kiganja. "Simama."

Alama ziliingia kwenye kona lakini hazikupinda. Zilinyooka mpaka majanini.

Mwanaidi alitaka kushuka, lakini kidato kilikuwa kinateleza kwa tope. Ilibidi Sadala azunguke, amshike kiuno, amteremshe kama mgonjwa.

Kigari kilikuwa chini ya barabara, pua imeelekea korongoni, kimezuiwa na kichaka cha miiba. Chini yake maji mekundu yalikuwa yanapita, yamebeba matawi. Pembeni, ndani ya tope hadi vifundoni, amesimama Raheli. Sanduku la dawa alikuwa amelitundika begani kwa mkanda, na mwavuli wake alikuwa ameunyoosha, si juu ya kichwa chake, bali juu ya dereva aliyekuwa bado ndani. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka maji yanamtoka mikononi.

"Shikamoo mama," alisema Raheli.

"Marahaba, binti yangu. Yu hai?"

"Yu hai. Amebanwa."

Mdoe alikuwa amekaa wima, uso wa majivu. Kiti kilikuwa kimempandisha, na gari lilipoinama mwili ukateleza mbele. Magoti yote mawili yalikuwa yamekwama chini ya usukani, hayaendi mbele wala nyuma.

"Nimezungusha usukani, mama. Goti likauzuia."

"Nyamaza kwanza."

"Nilijua tangu Sindeni. Nikaona nikisimama watasema mrefu huyu hawezi, atafutwe mwingine. Na watoto kule wanangoja."

Sadala alikuwa amekwisha kufunga mnyororo kutoka lori mpaka nyuma ya gari. "Usivute bado," Isaka alimwambia, "ukivuta na miguu imebanwa hivi, utamvunja." Akalala tumboni, akajaribu kufikia bolti za fremu. Zilikuwa zimezama kwenye tope. Spana iliteleza, ikateleza tena. Kichaka kikalia, miiba ikikatika, na gari likashuka kidogo. Maji yalifika kwenye tairi la mbele.

"Zikatwe kamba," alisema Mwanaidi.

Isaka alitoa kisu, akakitazama, akatazama mapaja ya Mdoe juu ya kamba. "Mama, nikikosea..."

"Lete kwangu. Mimi ndiye ninayejua zinapopita."

Alilala kwenye tope na gunia lake mgongoni, akapenyeza mkono chini ya kiti. Hakuona kitu. Aliziona kwa vidole. Kamba zilikuwa ngumu kama mifupa, na katikati yake alihisi joto la mwanawe. Alitafuta ukingo wa chuma, mbali na nyama, akaweka makali hapo. Mkono wa Raheli ukaja, ukakishika kiwiko chake, ukakituliza, kama wauguzi wanavyotuliza mkono wa mtoto kabla ya sindano.

Kamba ya kwanza ilikatika kwa mlio. Ya pili. Ya tatu ilimchapa Mwanaidi vidole hadi damu. Gari likayumba, Sadala akaita jina la Mungu, na Mwanaidi akaendelea kukata, hapumui, mpaka kiti chote kikafunguka kwa pamoja na Mdoe akaanguka sakafuni kwa kishindo.

Magoti yalitoka. Isaka na Sadala walimshika makwapani wakamvuta nje, na miguu yake mirefu ikaburuzika kwenye tope.

Mwanaidi aliipapasa miguu ile kuanzia nyonga mpaka vidole. Ilikuwa imevilia damu. Haikuvunjika.

Lori lilikivuta kigari hadi barabarani. Isaka alikausha plagi kwa shati lake, na gari likawaka. Lililobaki kila mmoja alilijua. Njia panda ya kijiji ilikuwa mbele kidogo, na lori lisingeweza kuvuka daraja la magogo. Raheli aliegemea gari, sanduku begani, akingoja waamue.

Mwanaidi angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama Mdoe, na Mdoe alimtazama yeye kama alivyomtazama akiwa mtoto, akiomba ruhusa.

Alikunja gunia mara mbili, akaliweka ndani ya gari, juu ya chuma chenyewe cha sakafu. "Kaa hapo. Chini kabisa."

Mdoe alikaa. Alizungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. "Haugusi," alisema. "Mgongo utauma."

"Uume."

Alitamani kwenda naye. Lakini viti vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa cha Raheli. Alibaki barabarani akisikiliza injini mpaka mvua ikaimeza.

Sadala alimfikisha njia panda, kwenye nyumba ya mama mmoja aitwaye Hajira, akaendelea na safari yake. Isaka akabaki. Hajira aliwakaribisha jikoni, akampa Mwanaidi khanga kavu, akavifunga vile vidole vilivyochanika kwa kitambaa safi. Moto ulipopungua aliuchochea, na uji ulipoanza kupoa aliufunika.

"Daraja la huku ni imara?" Mwanaidi aliuliza hatimaye.

Hajira alifikiri kabla ya kujibu. "Mume wangu alikuwa mmoja wa walioliweka. Lakini waliliweka wakati wa kiangazi."

Mwanaidi alimshukuru moyoni kwa kutomdanganya. Baada ya hapo walikaa wakisikiliza. Mto ulikuwa unanguruma mahali fulani nyuma ya nyumba. Isaka alikwenda barabarani, akarudi, akatikisa kichwa, akaenda tena. Mchana ulisogea. Mara mbili Mwanaidi alidhani amesikia injini, na mara mbili ilikuwa mvua kwenye migomba.

Injini iliposikika kweli, hakuinuka. Aliogopa kwamba akiinuka itanyamaza.

Mdoe aliingia akiwa ameinama mlangoni, mkono mmoja kiunoni kama mzee. "Shikamoo," alimwambia mwenye nyumba, kisha akachuchumaa karibu na mama yake. "Wamechomwa sindano wote tuliowakuta. Gogo moja limesogea, lakini tumepita. Raheli amebaki kule."

"Amebaki?"

"Wengine wako shambani kwenye vibanda, hawajaletwa. Anahitaji dawa zaidi. Kesho tena."

Hajira alimimina uji, akawapa. Mwanaidi alipokea bakuli lake, na hapo ndipo mikono yake, iliyokata kamba bila kukosea, ilipoanza kutetemeka hata uji ukamwagika. Hajira alilichukua bakuli, akalipeleka mdomoni mwake na kulishikilia, huku akitazama pembeni ili asimwaibishe.

Mwanaidi alikunywa. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Kesho," alisema.