Pale Kivuli Kinaposita

Mimi nilisema tangu mwanzo, na nilisema mbele ya watu, kwamba filamu ya kumi na tisa ya Kivuli ni takataka. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona mwanzo wake tu, dakika moja na nusu kwenye simu ya Muthamia kinyozi, na ilinitosha. Mtu akionja mchuzi akakuta ni chumvi tupu, hangoji amalize sufuria ndipo aseme.

Kama humjui Kivuli, pole yako. Ni jasusi, na filamu zake zimekuwa zikitoka tangu kabla sijazaliwa. Zote huanza vilevile: ukuta mweupe wenye ufa pembeni, taa moja, na kivuli cha mtu mwenye koti refu na kofia kikipita. Katikati ya ukuta kinasita. Kinageuza kichwa kidogo, kinasikiliza, kisha kinaendelea. Kinawasha kiberiti, kiberiti kinazimika, tarumbeta inalia. Hapa Majengo, mjini Meru, hakuna kijana aliyekulia karibu na msikiti asiyeijua hatua ile. Mimi mwenyewe nikitoka bucha yangu kwenda kunywa chai, nikifika katikati ya barabara, nasita. Wenye pikipiki wamenitukana mara nyingi, lakini wao hawana utamaduni.

Basi hao watengenezaji wakaamua kubadilisha. Kivuli cha kumi na tisa ni cha mwanamke. Hana koti, hana kiberiti, ameshika tochi ya simu kama mtu anayetafuta pete chini ya kitanda. Na hasiti. Anapita mbio mbio, amechelewa kusukwa. Nilimwambia Muthamia kwamba mwanamke hawezi mwendo ule hata afundishwe mwaka mzima, kwa sababu ni mwendo wa mtu mwenye siri, na mwanamke gani amewahi kuifikisha siri sokoni ikiwa nzima? Muthamia alicheka mpaka akaharibu kichwa cha mteja. Nikajua hoja ninayo.

Na haya hayakuwa maneno ya kupitisha wakati. Ukumbi wa video wa Majengo ni wa baba yangu, Mzee Abdilatif, aliyeuanzisha enzi za kanda. Sasa macho yamemwisha nguvu na anataka kukabidhi funguo. Watoto tuko wawili. Kuna mimi Idrisi, mkubwa, mwanamume, mwenyekiti wa mashabiki. Kisha kuna Shamima, dada yangu, ambaye kwa miaka minane ameendesha mitambo, amefagia maganda ya njugu na kuwatoa walevi. Kazi za mikono hizo. Mimi niliziona funguo zikiwa mfukoni mwangu tayari.

Shamima akabandika tangazo kwamba Jumamosi baada ya Alasiri ataonyesha filamu ya kumi na tisa, nzima, bila kuguswa. Nilimwendea nikamwamuru aukate ule mwanzo wa aibu na kutia wetu wa siku zote. Aliniuliza kama nimemaliza, akaendelea kupangusa viti. Nikaenda kumshtaki kwa baba. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema siku hiyo kila mmoja aseme lake mbele ya mashabiki, halafu yeye atatoa funguo palepale. Nilirudi buchani nikipiga mluzi.

Kizuizi kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa kinanuka mbuzi. Kithaka ni kijana wa Mbeere, kule chini kwenye ukame wa Embu, na ndiye huniletea mbuzi wa kuchinja. Amesoma mpaka chuo kikuu kisha akarudi machungani, kwa hiyo ana vitu viwili vibaya kwa pamoja, elimu na nafasi. Alinisikia nikihubiri habari za kusita, akasema taratibu kwamba ameziona filamu zote kumi na nane na hakuna hata moja ambayo kivuli kinasita. Eti pia kila filamu ina mwanzo wake, na ukuta wake. Nilimuuliza kama huko kwao anatazama sinema na mbuzi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikamwambia, na yako naiona kutoka hapa. Nikamtaka azilete hizo filamu Jumamosi, maana nilitaka aaibike hadharani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Baba alikaa mbele kabisa, funguo mapajani. Nikasimama, na wallahi nilisema vizuri. Nilisema asiye na mwanzo hana mwisho. Nilieleza, kwa faida ya wajinga, kwamba pale kivuli kinaposita kimesikia adui upande wa pili wa ukuta, na kwamba ule ufa pembeni ni alama ya majasusi. Kisha nikatoa neno nililoliandaa wiki nzima.

"Mwendo ule naujua kuliko uso wangu," nikasema. "Ni mwendo wa mwanamume. Mwanamke hana, na hatakuwa nao."

Watu walipiga makofi. Shamima, aliyekuwa amesimama kwenye mitambo, hakunitazama mimi. Alimtazama baba, na baba akatikisa kichwa kama mtu anayekataa chai. Mimi nikadhani wameshindwa.

Nikamwita Kithaka. Alitoa flashi, Shamima akaichomeka. Kikapita kivuli chembamba kwenye ukuta wa matofali, hakikusita. Kikapita kingine darajani, kimoja kwenye pazia, kimoja mvuani. Filamu ya tatu, ya saba, ya kumi na mbili. Kila moja na mahali pake, na hakuna kilichosita hata nukta moja. Makofi yalikwisha zamani. Nikasema kwa sauti kwamba watu wa Embu wamezikata, na Muthamia akaniunga mkono, lakini bila nguvu.

"Mtu atakata kusimama kwa nini?" Kithaka akauliza. "Mimi nimeleta zangu. Yenu ilitoka wapi?"

Hapo baba akakohoa. Hakusimama, na alisema polepole, kwa hiyo watu wa nyuma ilibidi wasogee. Alisema kanda za zamani zilinakiliwa Nairobi na watu wenye haraka, nazo zilifika Meru zimekatwa kichwa, hazina mwanzo. Mashabiki walikuwa wamesikia habari za mwanzo wa Kivuli na wakamzomea yeye, wakimwita tapeli. Basi akaazima kamera ya mpiga picha wa harusi, akatundika shuka nyeupe sebuleni, akarekodi mwanzo wake mwenyewe kufuatana na alivyosimuliwa. Ule ufa ulikuwa mshono wa shuka. Akaubandika kwenye kila kanda. Miaka ikapita, zikaja diski zenye mwanzo wake halisi, akaukata ule halisi akaacha wake. Watu walikuwa wameshauzoea, alisema. Na yeye pia.

Nikamuuliza nani alikuwa kwenye shuka, kwa kuwa yeye mwenyewe alishika kamera. Swali hilo niliuliza mimi, kwa kinywa changu, mbele ya watu wote.

"Mama yako," akasema. "Ndani ya koti langu. Hakuwapo mtu mwingine wa kutunza siri."

Mama yetu, Mwanabibi, Mungu amrehemu, alitutoka nikiwa darasa la nne. Nakumbuka mikono yake na harufu ya unga wa mahamri. Mwendo wake sikuukumbuka, au ndivyo nilivyodhani. Nikasikia mtu nyuma akicheka, mwingine akimnyamazisha. Nilitaka kukaa chini lakini nilikuwa mbali na kiti.

"Na pale anaposita?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilikuwa bado natafuta kitu kimoja nilichosema kiwe kweli.

"Ulikuwa na miaka miwili, umelala chumba cha pili," baba akasema. "Ulilia. Akasimama akusikilize. Uliponyamaza, akaendelea. Kamera ilikuwa ya kuazima na muda wake ulikwisha, sikuweza kurudia."

Kumbe adui upande wa pili wa ukuta nilikuwa mimi. Miaka thelathini na zaidi nimejaza watu hekima juu ya sikio la jasusi, na lilikuwa sikio la mama kwa mtoto wake mwenye kelele. Na Shamima alijua. Baba alimweleza siku alipohamisha zile kanda kwenye kompyuta, akamwomba anyamaze, naye akanyamaza miaka minane yote huku mimi nikimwambia wanawake hawana siri. Mcheka kilema hafi hakijamfika. Niliona haya.

Baba alinyoosha funguo hewani, hata hakuulizia uko wapi mkono wa Shamima. Dada akaja akazichukua, akarudi kwenye mitambo yake. Kithaka alikuwa ameinamisha kichwa, hakutaka kunitazama, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Ukumbi mzima ulikuwa ukingoja. Filamu ya kumi na tisa ilikuwa tayari, na yule mwanamke wa tochi amesimama kwenye skrini, mguu mmoja hewani.

"Mwenyekiti," Shamima akasema, bila dhihaka yoyote. "Nimkate?"

Nikasema asimkate. Mara ya kwanza hakunisikia, ikabidi aniulize tena.