Kina Jumwa wa Kaya ya Chome

Jina la kumi na saba Esha alilipigia mstari kwa penseli, akarudi nyuma, akalilinganisha tena na namba ya kadi. Mtoto huyo kweli alikuwa ameandikwa mara mbili, mara moja hapa zahanati na mara nyingine siku ya chanjo ya nyumba kwa nyumba. Akaandika sababu pembeni kwa herufi ndogo. Orodha ilikuwa na majina arobaini na moja, na ilitakiwa ofisi ya afya kesho kabla ya saa sita mchana.

Mambo yenyewe yalianzia mbali. Juma lililopita duka moja pale Kona ya Musa lilikutwa likiuza unga wa lishe, ule ambao serikali huwapa wajawazito na watoto wadogo. Neno HAIUZWI kwenye pakiti lilikuwa limefunikwa kwa kibandiko. Haikujulikana pakiti zilitoka zahanati gani, kwa hiyo zahanati zote ziliamriwa kusafisha daftari zao. Kompyuta ya ofisi ikatafuta majina yanayofanana yenye tarehe za kuzaliwa zinazofanana, ikatoa orodha. Japheth, kijana wa takwimu aliyetoka bara, alimpigia Esha simu asubuhi kumwambia kwamba kazi ni nyepesi. Kila jina libaki mara moja, yaliyozidi yafutwe.

Esha, muuguzi wa zahanati hii, alikuwa mtu wa Kinondo, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita huku nyika. Alijua tarehe hizo hazina uzito. Mama asiye na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe huulizwa mwaka tu, na anayeandika hujaza tarehe moja Januari. Nusu ya watoto wa huku walizaliwa tarehe moja Januari.

Jina la kumi na nane lilikuwa Jumwa Chome. Limeandikwa mara nne.

Zilikuwa kadi nne za mwaka mmoja wa kuzaliwa, na kila moja ilichukua pakiti mbili kila baada ya wiki mbili. Esha aliiweka penseli chini, akamwita Garama, mhudumu wa afya wa kijiji zilikotoka kadi hizo, aliyekuwa nje akipanga maboksi kivulini. Garama ndiye aliyezijaza kadi zile.

Garama aliipitia orodha, mkono kiunoni.

"Lakini si ndivyo nilivyoulizwa? Karatasi inasema jina la mtoto, halafu jina la kaya. Mtoto ni Jumwa. Kaya ni kwa Chome."

Esha alielewa, na kuelewa huko kukamchosha zaidi. Kwa Waduruma kaya ni nyumbani, boma zima lenye jina la mzee wake, hata kama mzee mwenyewe amezikwa zamani kama Chome. Wanawe watatu walioa karibu karibu, na mdogo wao akafuatia, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, Jumwa, kama inavyopasa. Kompyuta ikaunganisha jina la mtoto na la kaya, ikaona mtoto mmoja mwenye kadi nne. Makosa hayakuwa ya Garama peke yake. Karatasi zile Esha alizipitisha mwenyewe, na sahihi yake ilikuwa chini.

Akamwomba Garama awaite wote wanne, na kadi zao, leo hii. Garama alilitazama jua, akaichukua baiskeli yake.

Walifika baada ya saa tisa. Walikuwa wanawake watatu wenye watoto mgongoni, na nyuma yao bibi mmoja mwembamba aliyejitanda leso. Esha alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti. Kisha akaita Jumwa. Watoto wawili wakainua vichwa. Wa tatu alikuwa amelala.

"Ukiliita jina hilo kwetu," alisema mke wa Dzombo, "hata kuku watakuja."

Walicheka kidogo, naye Esha akacheka, halafu akaanza kazi. Alimpima kila mtoto mkono kwa utepe, akaandika jina upya na jina la baba. Jumwa Dzombo alikuwa na sentimita kumi na mbili na nukta moja. Jumwa Charo alikuwa kumi na mbili kamili. Jumwa Tsofa, yule aliyelala, kumi na moja na nukta sita. Esha alimpima huyo mara ya pili. Ilikuwa bado rangi ya manjano, lakini nukta mbili tu chini yake kulikuwa na nyekundu, na wenye nyekundu hupelekwa kulazwa hospitali ya Msambweni. Mama yake aliutazama utepe.

Esha akauliza juu ya kadi ya nne. Wanawake wale watatu wakatazamana. Bibi alifungua pindo la leso, akaitoa kadi, akaiweka mezani.

"Huyo ni mimi."

Garama alicheka peke yake.

Habari ilitoka polepole, nusu kwa bibi na nusu kwa wakazamwana wake. Jumwa wa nne alikuwa mtoto wa kitinda mimba na mkewe Eunice. Eunice aliondoka mwezi wa nne kwenda Diani kufua nguo kwenye nyumba za wageni, akamchukua mtoto, akaisahau kadi. Siku ya kugawa unga bibi alikuwa amekuja kutafuta dawa ya mguu. Jina likaitwa, hakuna aliyeitikia, likaitwa tena.

"Nimeitwa jina langu, mwanangu, nikaitika," bibi alisema. "Jina hili nilikuwa nalo kabla ya hawa wote. Wao wameliazima kwangu."

Garama alikubali kwamba alimpa pakiti akidhani anamchukulia mjukuu. Ziligawiwa hivyo mara nne, yaani pakiti nane. Esha alimwuliza bibi alizifanyia nini, kwa sauti ile ile aliyosomea vipimo vya watoto. Bibi hakuficha. Nyingi alijipikia uji asubuhi. Tatu alimpa mwenye duka la kijijini, akapata chumvi na mafuta ya taa, na mwenye duka akamwambia akipata nyingine alete. Alizipeleka wapi, bibi hakujua. Esha naye hakujua, ila aliifikiria Kona ya Musa na safari ndefu ambayo pakiti tatu zinaweza kuifanya.

Alitoka nje penye mtandao, akampigia Japheth, akamweleza yote bila kupunguza. Japheth alisikiliza vizuri. Kisha akasema sheria iko wazi: kaya ikikutwa na kadi moja ya uongo, kaya nzima husimamishwa miezi mitatu. Esha alimtaja mtoto wa Tsofa na nukta zake. Japheth alisema anasikitika, kweli, lakini kompyuta haina mahali pa kuandika masikitiko.

"Nisomee hapo," Esha akasema. "Kaya ni nini?"

Zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Watu wanaokula chungu kimoja."

"Basi kwa Chome kuna kaya zaidi ya moja. Kila mke ana jiko lake."

"Umeyaona?"

Esha alikuwa amepita mbele ya boma lile mara nyingi, lakini kuingia na kuhesabu, bado. "Sijayaona."

"Yaone basi, dada Esha. Nitumie picha ya kila jiko na jina la mwenye nyumba kabla ya saa sita. Bila hivyo nitawafuta wote. Sina njia."

Aliporudi ndani aliwaambia wanawake kwamba yeye na Garama watafika kesho asubuhi mapema, na wasioshe vyungu mpaka wawe wamevitazama. Mke wa Tsofa aliuliza kama kuna hakika. Esha alimwambia hapana, ila akiyaona majiko yenyewe ataandika alichokiona. Kadi ya nne aliifunga kwa karatasi na kuandika juu yake kwamba mtoto amehama, na kwamba pakiti nane zilichukuliwa baada ya hapo. Aliandika pia duka.

Bibi alitazama kadi ikiingia kwenye kabati.

"Na jiko langu utalihesabu?"

"Nitalihesabu, nyanya. Una jiko lako peke yako?"

"Ninalo."

"Basi litaandikwa peke yake."

Wote wawili walijua maana yake. Kosa litabaki kwenye chungu kimoja, na chungu hicho hakitapata kitu. Esha alisema atampelekea chifu jina lake kwa chakula cha msaada. Orodha ya chifu haikuwa imefunguliwa kwa majina mapya tangu mwaka jana, na bibi alilijua hilo pia. Alimshukuru, akajifunga leso upya, akawafuata wakazamwana wake njiani.

Garama alisema kuna saa moja na nusu ya kutembea, kwa kuwa baiskeli haiwezi kubeba wawili kwenye mchanga ule. Wakakubaliana kukutana saa kumi na moja alfajiri. Esha alikaa, akaivuta orodha. Majina ishirini na matatu yalikuwa bado, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa Tsofa Dzombo, wa boma jingine, mara tatu. Alilisoma, akaandika kando yake "kuuliza", akafunga dirisha.